Muti haikulaka samaki: matumbo ya tilapia na majani ya ziwa mu jardini ya Goma

Siku moja asubuhi ku soko ya Kituku, kando ya ziwa Kivu, nilikuta mama mumoja anapasua tilapia, kando yake beseni ya buluu imejaa matumbo, magamba na mapezi, nikamuuliza kama naweza beba ile takataka. "Unaenda kuifanyia nini, papa?" Nikamwambia, mama, ni ya jardini. Akacheka mpaka bamama bengine bakageuka: "Jardini gani inakula samaki, na batoto bako mu nyumba?" Nikacheka naye, nikabeba ndoo yangu nikaenda, kumbe bila kujua alikuwa amenitajia kosa yenyewe, ile yenye ilikuja kunimalizia tomati yangu yote msimu ule.

Muti haikulaka samaki. Iko na mizizi, haina meno. Azoti, ile chakula kubwa ya muti, yenye iko mu matumbo ya samaki imefungwa ndani ya protini, na mizizi haiwezi kuifungua. Benye banafungua ni bakteria na kuvu ya mu udongo, banakula protini banaacha amonia, kisha bakteria ya aina ingine inageuza ile amonia inakuwa nitrati, na pale njo muti inaanza kunywa ya kweli. Hiyo kazi inakamata mawiki. Sasa weye ukichukua matumbo mabichi ukaitia pale pale ku mizizi, bado hujalisha tomati, umefanyia bakteria karamu, na bakteria ikiwa ku karamu inavuta oksijeni yote ya pale, mizizi inakosa pumzi, na amonia yenye inatoka inaunguza ile mizizi midogo midogo yenye njo inafanyaka kazi ya kunywa.

Yangu ilikuwa hivi. Niko na masaki kumi na moja mu parseli, juu Goma kwetu bantu wengi hatuna udongo, tuko na makoro. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na kuko makartie ukipiga jembe inalia ngii na kurudisha cheche. Basi tunanunua udongo, tunajaza mu saki, tunapanda lengalenga, tomati, sogo kidogo. Nikatia matumbo mabichi mu saki ine za tomati, kila moja kama kilo mbili, nikafunika na udongo vidole tano nikaona nimefunga kazi. Siku ya tatu harufu. Siku ya tano funza. Siku ya nane majani ya chini ikakuwa manjano, ncha zake nyeusi kama imepitishwa ku moto, na usiku wa siku ya kumi mbwa zikakuja zikapasua saki mbili, asubuhi nikakuta udongo wa kununua umemwagika wote chini ya makoro. Jirani, muzee mupole sana, akaniita ku lupango: "Mutoto yangu, sisi tunavumilia, lakini iyi harufu sema ukweli, umeficha nini pale?" Nikaona haya.

Fikra nilikuwa nimeitoa mu video ya simu, na nadhani bengi bako mu shida hiyo hiyo. Mutu anaona mzungu ku ufuo wa bahari anaokota majani ya bahari na vichwa vya samaki, anatia mu jardini, mboga inakuwa ya kutisha. Anasema, sisi pia tuko na maji, tuko na samaki, tuko na majani yenye inaelea, basi ni sawasawa. Haiko sawasawa. Ile ni vitu mbili zenye kazi mbili tofauti, na mu Kivu moja kati ya zile mbili hatuna kabisa.

Yenye hatuna ni mwani. Mwani ni ya bahari, kule Zanzibar bamama banailima mu maji yenye inafika ku magoti, banaikausha, inauzwa kwa viwanda. Haiko hata muti wa kweli, haina mizizi, haina maua, inakula kupitia mwili yake yote. Na kama mbolea, nguvu yake haiko kule bantu banafikiria: azoti yake ni kidogo, fosfori karibu hakuna, potasiumu njo iko ya kutosha. Kitu kingine inaleta ni madini kidogo kidogo ya kila aina na zile homoni za mimea zenye zinaamsha mizizi. Kwa hiyo ile chupa ya "ekstre ya mwani" yenye banauza bei ya juu mu maduka ya kilimo, ujue unanunua kichocheo, chakula iko kidogo sana ndani.

Lakini kuko hadithi moja ya mwani yenye mutu wa Goma anapaswa kuijua, na si ya Zanzibar. Kule Ireland kuko visiwa vya Aran, mawe matupu, chokaa ngumu bila udongo, na bazee ba kule miaka na miaka bakabeba muchanga na mwani ku mugongo, bakatandaza tabaka juu ya tabaka juu ya ile mawe, mpaka bakatengeneza udongo wa kupanda viazi. Hawakulisha udongo, walitengeneza udongo. Soma tena hiyo sentensi ukiwa umekaa juu ya makoro ya Majengo ao Ndosho. Shida yetu njo ile ile, paka mawe iko nyeusi.

Sasa yenye tuko nayo ni majani ya ziwa: ile mirefu yenye mawimbi inatupa ku ufuo, matete, na ile utelezi ya kijani ku mawe ya mahali bamama banafulia nguo. Ile mirefu ni mimea ya kweli, iko na mizizi, na haina chumvi ya bahari, kwa hiyo ile kazi ya kuosha mwani mara tatu kabla ya kuitumia haituhusu. Lakini ni maji tupu. Kati ya kilo kumi yenye unabeba ku kichwa, kilo tisa hivi ni maji, kwa hiyo usishangae beseni kubwa ikikauka inakuwa kitu ya kushika mu mikono mbili. Mimi naianika juu ya makoro yenyewe, ile mawe nyeusi ikipigwa na jua inakuwa kama sahani ya kukaangia, siku mbili tatu majani imekuwa kama karatasi. Hapo njo naipenda: naikata, naitandaza juu ya saki unene wa mukono, na ile saki yenye nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni sasa namwagilia mara moja. Saki juu ya lava inakauka mbio sana, hiyo peke yake inalipa kazi ya kubeba.

Kuianika kuko na sababu ingine yenye si ya mchezo. Kolera mu mji wetu haijaenda popote, na kile kidudu chake inapenda kukaa mu maji ikishikamana na viumbe vidogo na mimea ya maji. Kukauka inaiua. Kwa hiyo majani mabichi kutoka ziwani usiitupe juu ya mboga yenye unakula mbichi, tomati, salade, na usiokote karibu na mahali kanivo inamwaga maji ya mji. Bukavu zaidi, zile ghuba zenye zinapokea kila kitu kutoka juu ya kilima, plastiki, choo, mafuta ya gari, mimi jani la pale siliguse. Na hata mahali safi, beba yenye mawimbi imetupa inje, usiingie kung'oa, juu pale mu majani ya ufuo njo samaki kidogo zinajificha, ukifyeka pale unakata supu yako mwenyewe ya kesho.

Turudi ku samaki sasa, juu huko njo kuko nguvu. Kwanza tuelewane ni samaki gani. Sambaza usiguse! Sambaza ni chakula, inakulwa nzima kichwa na mukia, haina takataka, na ni samaki yenye ilibebwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 kuja kujaza ziwa yenye haikuwa na samaki mingi, sasa mutu kununua sambaza ya kuzika mu udongo na jirani anakula sombe tupu, mimi sitakupa mukono. Kichwa ya tilapia pia hapana, hiyo iko na wateja wake. Nasema matumbo, magamba, mapezi, matamvua, mifupa yenye imeisha kunyonywa. Na makayabu ao samaki yoyote ya chumvi, hata maji yenye umeloweshea, iende mbali na jardini. Chumvi mu saki haina pa kwenda, inabaki, na muti inakauka huku udongo umelowa, unamwagilia na inazidi kukauka, unaweza kuchanganyikiwa.

Nguvu yake ni kiasi gani? Hapa njo bantu banatiaka chumvi nyingi ku maneno. Kilo moja ya takataka mbichi ya samaki iko na azoti kama gramu 25. Ndoo ya kilo kumi, gramu 250. Urea, ile mbolea nyeupe ya duka, iko na azoti asilimia 46, kwa hiyo ndoo nzima yenye inakunukia mu taxi-moto mpaka kwako inalingana na urea ya nusu kilo hivi. Ni kidogo, sitaki kudanganya mutu. Lakini urea inaleta azoti tu, inapita na mvua inaisha, samaki inaleta pia fosfori na kalsiumu ya mu mifupa, na ukiipika vizuri inakuachia udongo, na kwetu udongo njo wenye tunanunua.

Kuipika, nataka kusema komposti, na hapa njo iko siri yote, yenye haiko mu samaki kamwe. Iko mu vitu kavu. Bakteria zinapenda kula karboni kama sehemu 25 mpaka 30 kwa sehemu moja ya azoti. Samaki iko na karboni kama nne ao tano tu kwa azoti moja, imeegemea upande mumoja kama mutumbwi yenye bantu bote bamekaa kushoto. Azoti yenye imezidi inatoroka inakuwa amonia, ndio ile harufu, kwa hiyo kila mara unanusa ujue ni mbolea yako iko inaruka kwenda kwa jirani bure. Upande wa pili ya mutumbwi ni vumbi ya mbao na maranda, yenye iko na karboni mamia kwa azoti moja. Ukipiga hesabu, kilo moja ya matumbo inaomba kilo moja na zaidi kidogo ya vumbi kavu ya mbao, na juu vumbi ni nyepesi, kwa ndoo inafika ndoo tano sita kwa ndoo moja ya samaki. Tano sita! Mimi nilikuwa nimeweka sifuri. Kwa mafundi ba mbao banakupa bure ao banakuomba kitu kidogo, chagua mbao zenye hazikupakwa dawa. Ukikosa, maganda makavu ya maharagi, majani makavu ya ndizi ukiikata, hata ile majani ya ziwa yenye umekausha, lakini hiyo haina karboni nyingi kama mbao, usiitegemee peke yake.

Chini unaweka kitu yenye inapitisha hewa, vijiti ao mabua ya mahindi, kisha vumbi ya mbao tabaka nene, samaki tabaka nyembamba, vumbi tena, kidogo udongo ao fumie ya mbuzi ya kuleta bakteria, na unarudia, ya mwisho juu iwe kavu unene wa mukono mpaka ku kiwiko kama unaweza, juu nzi zinanusa kushinda sisi. Maji iwe kama kitambaa yenye umekamua: ukiminya mu mukono inatoa tone moja mbili, haimwagike. Ikipata ukubwa wa metre moja kila upande inapata moto yenyewe. Mimi napimaka na kipande ya feri abeto, ile chuma ya kujengea: naiingiza mpaka katikati, naiacha dakika tano, nikiitoa nisipoweza kuishika mu kiganja najua iko inafika digrii 55 ao zaidi, na ikikaa vile siku tatu, unageuza ya inje kwenda ndani, tena siku tatu, vidudu vya ugonjwa mingi vinakufa pale. Goma iko na baridi yake, tuko karibu metre 1.500 juu, kwa hiyo usifuate kalenda ya bantu ba Kinshasa, hesabu miezi mitatu ine mpaka inakuwa nyeusi na inanuka udongo wa pori.

Shida, metre moja kila upande haiko kitu ya parseli ya mutu mumoja. Fikra yangu ni kwamba iyi kazi si ya mutu peke yake, ni ya avenyu, nyumba ine tano banaweka lundo moja mahali yenye mbwa haifiki. Kama uko peke yako, pipa ya plastiki yenye umetoboa chini na ku mbavu, jiwe ya makoro juu ya kifuniko, na kubali kwamba haitapata moto sana, kwa hiyo hiyo komposti utumie ku mboga yenye inapikwa, lengalenga, sombe, na uiache miezi mingi zaidi.

Majivu. Kila mutu atakwambia tia majivu inaondoa harufu. Nilitia. Macho ikalia machozi! Majivu inageuza amonia yenye ilikuwa imetulia mu maji inakuwa gazi, inaruka yote mara moja, kesho yake harufu imepungua kweli juu azoti imeisha kuondoka. Bora pusiere ya makala, ile unga nyeusi yenye inabaki chini ya saki ya makala na yenye mama anatupaka inje, hiyo inashika amonia ndani yake na kuiachilia polepole. Goma tuko nayo ya kutosha kabisa, bahati mbaya kwa misitu, lakini iko.

Kuko pia njia ya bido, samaki iliyokatwakatwa na sukari kilo kwa kilo, inachacha miezi mitatu mpaka inakuwa maji ya rangi ya chai nzito. Inafanya kazi, kijiko kimoja cha supu mu litre ine ya maji unamwagia ku udongo, si ku majani yenye utakula. Inapaswa kunuka uchachu kama kasiksi yenye imepita siku, ikinuka maiti ujue asidi haikutosha na umepoteza. Usikaze kifuniko, gazi inajaza bido mpaka inavimba kama tumbo ya mimba. Na bei ya sukari unaijua, mimi nilifanya mara moja nikaacha.

Ya mwisho ni mifupa na magamba, yenye hata mu komposti inatoka vile iliingia. Mifupa ni fosfori na kalsiumu imekamatana ngumu, inaomba asidi ya kuifungua. Ndugu zetu ba Bukavu hapa banatushinda: udongo wao mwekundu wa mu vilima iko na asidi, basi unga wa mifupa ukiutia mu shimo ya kupandia unayeyuka polepole na kalsiumu inatuliza kidogo ile asidi. Kwetu udongo wa volkano uko na tabia ingine mubaya, unashika fosfori na kuikatalia muti, kwa hiyo usimwage unga kila pahali, uweke kidogo pale pale karibu na mizizi, umechanganywa na komposti. Kuusaga mifupa mibichi ni kujichosha. Ichome kwanza ku moto wa makala mpaka inakuwa nyeupe, inavunjika na vidole, unasaga mu kinu ya zamani (si ile ya sombe, nilifanya, tulizungumza sana ile jioni). Azoti yake inaungua, sawa, hiyo utaipata ku matumbo.

Saki za mwaka huu nilijaza nusu udongo wa kununua, nusu komposti, na majani makavu ya ziwa juu. Muzee jirani amekuja mara mbili kuomba tomati, hajataja harufu. Paka mama wa Kituku njo amebadilika: wiki iliopita nimefika na ndoo yangu, akaiweka kando, akapangusa mikono ku kitenge, akaniambia, "Papa, kumbe iko na kazi. Franka mia tano kwa ndoo." Nikapiga hesabu ya urea mu kichwa haraka haraka, nikamlipa.